Ngwara tunalima sisi, mbona yote inapanda Fuso?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako na naomba msinikatie sana maana hili jambo nimekaa nalo moyoni muda mrefu. Wiki iliyopita kwenye ukurasa wenu wa afya mliandika kuhusu chakula cha mama aliyejifungua, mkataja mtori, uji wa ulezi, supu ya samaki, mayai, maziwa, mboga za majani, yote sawa kabisa sina ugomvi nayo. Ila nilisoma mpaka mwisho nikarudia tena natafuta neno moja tu, ngwara, sikuliona. Na mimi niko Karatu, huku kwetu Rhotia mwezi wa nane ukisimama barabarani ukaangalia mashamba unaona ngwara mpaka macho yanachoka. Sasa kama zao limejaa hivyo na gazeti la Kiswahili halikumbuki hata kwamba ni chakula, mi simlaumu mwandishi wenu, ni sisi tunaoilima ndo tumeifanya isiwe chakula.

Kwa wasioijua, ngwara ni ile jamii ya maharage inayotambaa na kupanda, sehemu nyingine wanaita fiwi, Wakenya wanaita njahi, Wakamba wao wanaita mbumbu. Punje yake nyeusi ya kung'aa (zipo na za kahawia na nyeupe), alafu pembeni ina mstari mweupe umeinuka kidogo kama mtu ameuchora kwa chokaa. Ukishaiona mara moja huwezi kuichanganya na harage lingine. Maua yake ya zambarau au meupe, yananukia, na nyuki wanayapenda sana, shamba la ngwara likichanua ukipita asubuhi unasikia mlio kabla hujafika.

Sisi tunaichanganya na mahindi. Mahindi yanatangulia, ngwara inafuata, inaanza kidogo kidogo chini alafu inashika bua na kupanda nalo. Masika yakiisha na mahindi yakikauka yenyewe ndo kwanza inachangamka, inakula unyevu ulioko chini kabisa ambako mzizi wa harage la kawaida haufiki. Tunavuna mahindi tunaiacha ngwara shambani, jua linawaka, udongo unapasuka, yenyewe bado kijani. Maharage ya kawaida jua la wiki mbili bila mvua kwenye kipindi cha maua yameshakwisha. Na ng'ombe na mbuzi wanakula majani yake, ardhi nayo inapata mbolea kwa sababu mizizi ina vile vinundu vinavyokamata naitrojeni kutoka hewani. Waaustralia wenyewe walichukua mbegu kutoka Rongai hapo Kenya wakaitoa rasmi kwao mwaka 1962 kama malisho ya mifugo, mpaka leo inaitwa Rongai hukohuko. Yaani jina la sehemu ya Afrika Mashariki liko kwenye mashamba ya Australia kwa ajili ya mmea huu, na sisi mtoto wa shule ukimuuliza ngwara inapikwaje anakuangalia tu.

Sasa inakwenda wapi? Inakwenda Kenya. Fuso zinakuja mpaka kijijini, dalali anapita nyumba kwa nyumba, mnapima, mnajaza magunia, lumbesa na kadhalika (hiyo lumbesa, gunia linalojazwa kupita kipimo, ni barua nyingine kabisa), gari linaondoka linapita Arusha, Namanga, linaishia Nairobi kule Nyamakima kwenye maduka ya nafaka. Huku hubaki nayo hata kibaba. Watu wanauza ngwara alafu hela hiyohiyo wanaenda nayo gengeni kununua maharage ya kula, na shuleni ikitakiwa michango ya chakula mzazi anapeleka mahindi na maharage, hakuna aliyewahi kupeleka ngwara na ukipeleka watakushangaa.

Najua mtu ataniambia, mama, ngwara ina bei kuliko maharage, nani anakula hela yake? Nakubali. Kuna misimu kilo ya ngwara inapita kilo ya maharage vizuri tu, na mimi mwenyewe nimesomesha kwa ngwara, sitaki mtu aache kuuza. Ninachosema ni kuhusu kuuza YOTE, na kuhusu mahali ambapo hakuna hata mtu mmoja jirani anayeinunua ale. Zao likiwa na mteja wa upande mmoja tu siku mteja huyo akigeuka umekwisha. Mbaazi hatujaisahau. Mbaazi za Babati na Karatu zote zilikua zinakwenda India, watu walilima mpaka wakaacha mazao mengine, mwezi wa nane 2017 India wakaweka kikomo, tani laki mbili tu kwa mwaka kutoka nje, bei ikaanguka chini kama jiwe. Watu walibaki na magunia ndani ya nyumba wanalala nayo. Na kwa nini hayakununuliwa hapa hapa? Kwa sababu wengi wetu huku bara hatuna mazoea ya mbaazi, siyo kama watu wa pwani ambao mbaazi za nazi na mahamri ndo asubuhi yao.

Na ngwara ilinipata hivyohivyo ingawa yangu haikutoka kwenye magazeti. Kuna msimu mmoja dalali tuliyemzoea alitwambia tusimuuzie mtu mwingine, anakuja. Tukangoja. Wengine walipita tukawakatalia kwa sababu tumeshatoa neno. Ukapita mwezi, ukapita wa pili, simu inaita haipokelewi, baadae ikawa haiiti kabisa. Wale waliokuja mwishoni walitaja bei ambayo hata hela ya kupalilia hairudi. Nikasema basi nitangoja. Magunia tisa ndani. Siku moja nikaingia stoo nikasikia mlio kama wa mchanga unamwagika, nikaweka sikio kwenye gunia, ni fukusi. Nikatia mkono nikatoa ngwara kiganja kizima, kila punje ina tundu la duara safi kabisa kama limetobolewa na sindano ya moto, na unga mweupe umebaki kwenye vidole. Magunia matatu yaliharibika moja kwa moja. Na wakati huo huo, Mhariri, jikoni kwangu hakukua na mboga, nilikua nakopa maharage dukani. Nimekaa juu ya magunia ya chakula nakopa chakula. Hiyo siku nilikaa chini pale stoo nikalia.

Kilichonifungua macho ni wifi yangu. Kaka yangu ameoa Mkikuyu wa Kiambu, na mwaka huohuo binti yangu wa kwanza alikua amejifungua, wifi akaja kutusalimia na kumuona mtoto. Siku ya pili anafagia akaona yale magunia yaliyobaki, akafungua, akachota akaangalia, akanigeukia, "Wifi, hii si njahi? Mna njahi nyumbani na mzazi anakula wali na kabichi?" Nikamwambia hiyo ni ya kuuza. Akasema, "Ya kumuuzia nani, na mwenye kuihitaji amelala hapo ndani?"

Kwao, alinieleza, mama akizaa kitu cha kwanza ni njahi. Mama mkwe anakuja na njahi, majirani wanakuja na njahi, wanaiponda na ndizi mbivu anakula mwezi mzima, na wanaamini inaleta maziwa na kurudisha damu. Kwenye mambo ya mahari na ngurario (sherehe yao ya ndoa ya kimila) pia njahi lazima iwepo, bila hiyo wazee wanauliza maswali. Na si chakula tu, zile mvua ndefu za mwezi wa tatu mpaka wa tano ambazo sisi tunaita masika, Wakikuyu wanaziita mvua ya njahi, na mvua fupi ni mvua ya mwere yaani ya mawele. Mlima ule Ol Donyo Sabuk karibu na Thika wao wanauita Kianjahi, mlima wa njahi. Fikiria watu wanahesabu mwaka wao kwa harage! Na aliniambia bibi yake alikua akisema wakoloni ndo waliowapunguzia, walitaka maharage ya kusafirisha nje, haya mekundu na ya madoa, wakayasukuma, njahi ikaanza kurudi nyuma shamba kwa shamba. Haikufa kwa sababu wanawake hawakukubali mzazi akose. Ila mashamba ya Kiambu siku hizi ni majumba na kahawa, kwa hiyo njahi wanayokula wao kwa sehemu kubwa ni hii yetu, inalimwa na wanawake wa huku ambao wenyewe wakizaa hawapewi.

Hilo lilinichoma. Si kwamba nawaonea wivu Wakikuyu, hapana, wao wanajua thamani yake wanalipa. Sisi ndo hatujui.

Basi wifi alipika, na nitaeleza alivyofanya kwa sababu ngwara ina namna yake na watu wengi huku wanaoijaribu mara moja wanasema ni chungu wanaacha. Uchungu unatokana na kutojua. Kwanza alichambua kwenye ungo, zilizotobolewa zote akatupa. Akaosha, akaloweka kwenye ndoo na maji mengi, usiku kucha. Asubuhi yale maji yamekua kama chai ya rangi iliyokolea, akayamwaga, nikamuuliza mbona unamwaga si ndo utamu, akasema hapana wifi, hayo ndo uchungu wenyewe. Akabandika na maji mapya, yakachemka kama robo saa hivi, akamwaga tena! Ndo akaweka maji ya tatu, ya moto siyo ya baridi, akafunika akaiacha taratibu. Na hilo la kumwaga si ladha peke yake, ngwara kavu mbichi ina vitu ambavyo si vizuri tumboni, sumu sumu kidogo, hasa hizi nyeusi, kwa hiyo usije ukaitafuna bila kupika wala kuipika nusunusu, iive kabisa mpaka ukiibonyeza kwa vidole viwili inasagika. Chumvi mwisho. Magadi wengine wanaweka iive haraka, wifi hataki hata kusikia, anasema yanaifanya iwe na utelezi na kuua ladha.

Ilipoiva alichukua ndizi mbivu, zile kubwa zinazoanza kuwa na madoa meusi kwenye ganda, akazichemsha kidogo, akazitia humo humo akaponda na mwiko mpaka ikawa ujiuji mzito wa rangi ya udongo wa mfinyanzi. Haina mafuta, haina kitunguu, hakuna chochote. Kwa macho haivutii, nasema ukweli. Akamtilia binti yangu kwenye bakuli. Nilikua nimesimama mlangoni namwangalia, alionja kijiko kimoja akanyamaza, akala cha pili, alafu akasema mama kumbe hii ni tamu. Ina utamu wa ndizi alafu nyuma yake kuna kitu kama njugu za kuchemsha, kinakaa mdomoni. Alimaliza bakuli akaomba lingine, na huyo ni mtu ambaye siku tatu nilikua nabembeleza anywe hata uji.

Tangu siku hiyo ngwara imeingia jikoni kwangu na haijatoka. Naipika kama maharage, naunga na kitunguu, nyanya, karoti na tui la nazi nikipata nazi, kama sina naweka maziwa au karanga za kutwanga, na chapati au ugali inakwenda vizuri mno, mchuzi wake unakua mzito wenyewe. Naiweka kwenye makande badala ya maharage, ila hapa jihadhari, usiibandike pamoja na mahindi kwa mara moja maana inatakiwa imwagwe maji yake kwanza, ichemshe pembeni ndo uichanganye. Wifi naye ana ile ya kuponda na viazi, mahindi mabichi na ndizi za kupika, mukimo, hiyo ni ya wageni na sherehe.

Wengi hawajui pia kwamba huhitaji kungoja ikauke. Ngwara ikiwa bado mbichi, ganda limeshajaa lakini ni kijani, ukiimenya punje ni laini ya kijani yenye weupe, inaiva haraka sana kuliko kavu na haina uchungu ule. Hiyo ndo ningeanza nayo mtu anayetaka kujaribu. Na maganda machanga kabisa, yale bado bapa, yanaliwa mazima, unakata ncha mbili unavuta uzi wa pembeni unakatakata unakaanga na bizari. Hata majani machanga ni mboga ingawa mi napenda ya kunde zaidi.

Haya ya maganda nilikua nimeyaona zamani kabla sijaolewa na sikuyatilia maanani. Nilifanya kazi za ndani Arusha mjini kwa familia moja ya Kihindi, Wagujarati, na mama mwenye nyumba kila wiki ananituma sokoni nimletee papdi. Papdi kumbe ni hii hii ngwara changa! Januari kwenye sikukuu yao ya kurusha vishada tarehe 14 alikua anapika sufuria kubwa, undhiyu wanaita, papdi, viazi vya aina aina, ndizi, biringanya ndogo, na vile vidonge vya unga na majani ya uwatu, nazi ya kukuna na kotimiri nyingi juu. Nyumba nzima inanukia. Na zile kavu alikua analoweka, anafunga kwenye kitambaa chenye unyevu mpaka zinaota vimkia, alafu tunakaa wote wawili chini tunamenya maganda moja moja, unabana kwa kidole gumba na punje inaruka nje nyeupe safi. Alikua akiniambia, "Dada, hii imetoka kwenu hii, sisi tumeichukua tu." Nilifikiri ananifurahisha. Baadae nimekuja kusoma wataalamu wa mimea kweli wanasema asili yake ni Afrika, ikaenda India maelfu ya miaka iliyopita. Huko Bengaluru msimu wake ukifika wana tamasha kabisa la mtaani, binti yangu alinionyesha kwenye YouTube, watu wamejaa barabarani wanakula ngwara ndani ya dosa (zile chapati zao nyembamba), ngwara ya kukaanga na chumvi, mpaka ngwara kwenye vitu vitamu. Nilitazama ile video nikamwambia mwanangu, angalia zao letu linavyoheshimiwa ugenini.

Huo ufundi wa kuotesha na kumenya nimeurudia sasa hivi kwa ajili ya mjukuu. Punje iliyomenywa inaiva upesi, haisumbui tumbo la mtoto, naiponda naichanganya kwenye viazi au ndizi. Protini ya ngwara kavu ni kama robo ya uzito wake, na ina madini ya chuma, na huku kwetu nyama ni ya sikukuu na mayai tunauza, sasa mtoto atajengwa na nini kama si hivi?

Nataka niwe mkweli pia kwa upande wa ugumu wake. Kuni au mkaa unakwenda. Ngwara kavu isiyolowekwa inaweza kukaa jikoni nusu siku na bado ikawa ngumu, hasa iliyokaa stoo mwaka mzima. Mama anayetoka shamba saa kumi na mbili jioni huwezi kumwambia aanze kupika ngwara. Ninachofanya mi, jumamosi napika nyingi mara moja bila kuunga, nagawa, nyingine naunga siku hiyo nyingine ya kesho na keshokutwa naichemsha tena kabla ya kuunga, na mwenye friji ndo kabisa. Mwenye sufuria la presha hana hata haja ya kunisikiliza hapa. Na kuhusu fukusi, zamani bibi zetu walikua wanachanganya na majivu na ilikua inasaidia, siku hizi ipo ile mifuko ya plastiki ndani inayozuia hewa, unaikausha ngwara vizuri kabisa juani, unajaza, unafunga kila tabaka peke yake, wadudu wanakufa kwa kukosa hewa bila dawa yoyote. Ningekua nayo mwaka ule nisingepoteza magunia matatu.

Kwa hiyo ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Pale mnapotoa mapishi siku za wikiendi, tumechoka kusoma mapishi ya vitu ambavyo viko supamaketi tu, jibini na uyoga wa kopo, wekeni ngwara. Tumeni mwandishi aje huku mwezi wa saba au wa nane aone mwenyewe, mi nitampikia. Na mkiandika tena kuhusu mzazi iweke karibu na mtori, hata mstari mmoja tu, kwa sababu kuna binti mahali fulani Arumeru au Babati atasoma akiwa amekaa kwenye nyumba yenye magunia ya ngwara na hajui kwamba dawa yake ya kurudisha nguvu iko hapo ukutani.

Na wazazi wenzangu wenye watoto kwenye shule zetu za kata, kikao kijacho cha chakula tulizungumze hili. Mzazi asiye na maharage akiruhusiwa kuleta ngwara, hata debe moja kwa muhula, wengine hatutakopa tena. Ila mpishi wa shule lazima afundishwe kumwaga maji mara mbili, hilo halina mjadala, asipofanya hivyo watoto wataikataa siku ya kwanza na hawatairudia.

Kuna mama jirani yangu aliniuliza, sasa wote tukianza kula si bei itashuka? Nilimjibu ni kinyume chake. Tukila hata sisi huku, Arusha, Moshi, Dar, dalali akija na bei yake ya kututisha tutakua na pa kumpelekea mwingine. Leo anajua hatuna, anajua tukiikosa Fuso yake imetuozea, na anajua tunajua. Yeye ndo anapanga na sisi tunaitikia.

Mwaka huu nimevuna magunia saba. Dalali alipita wiki mbili zilizopita, kijana tu mstaarabu sina neno naye, tukapima matano akalipa palepale. Akachungulia stoo akaona mawili yamepangwa juu ya chaga pembeni ya mahindi, yamefungwa vizuri kwenye ile mifuko. Akaniuliza, "Mama, na hayo vipi, unasubiri bei ipande?" Nikamwambia hapana mwanangu, hayo ni ya kula. Akacheka akidhani namtania, nikamkaribisha ndani akakuta sufuria liko mezani. Alikula sahani mbili, alafu kabla hajapanda gari akarudi akaniuliza maji ya kwanza yanamwagwa baada ya dakika ngapi, mkewe anajifungua mwezi ujao.

Wako,
Mama mkulima,
Rhotia, Karatu.